Mama Tayari na Mashine Iliyogoma Kuandika

Asubuhi ile Mama Tayari aliamka na ugomvi na kiti.

Hakikuwa kiti cha mteja. Kilikuwa cha mumewe, Mzee Sponji, fundi wa makochi, mtu aliyewakalisha wenzake vizuri maisha yake yote huku yeye akikalia springi zilizotoboa kitambaa. Mganga hajigangi.

"Mzee, inuka."

"Chai yangu bado."

"Inuka na chai yako. Leo nakivua hiki kiti nguo na kukivisha nyingine. Naanza na mgongo, kisha mikono, kisha kikalio. Kitambaa ni kile cha kijani juu ya kabati, uzi ni ule mnene, misumari natia kwenye kopo. Umesikia?"

"Nimesikia. Kwani fundi wa makochi humu ndani ni nani?"

"Ni wewe. Ndiyo maana kiti kiko hivi."

Chai ilimpanda Mzee Sponji puani kwa kicheko. Akainywa iliyobaki amesimama, kama abiria, akimtazama mkewe aking'oa misumari kwa koleo. Alilishika vibaya koleo lile. Kila msumari aliutukana peke yake.

"Mgongo, tayari. Mkono wa kulia, tayari. Wa kushoto, tayari."

Simu ikalia. Mteja alikuwa mlangoni pa karakana. Mama Tayari akaliweka koleo juu ya kiti, akajifuta mikono.

"Nimeishia kwenye kikalio, mguu wa nyuma wa kushoto," alisema. "Usiguse. Nikirudi naendelea."

Akatoka. Adhuhuri, akiwa ameinama juu ya meza yake ya kazi, moyo wake ukasimama, haukurudi tena.

Hayo hayana maelezo marefu. Kiti kikabaki katikati ya chumba, nusu uchi, koleo juu yake. Na Mzee Sponji hakujua akifanye nini. Mkewe alisema kiti kitavishwa nguo mpya. Mkewe huyo huyo alisema usiguse. Maneno mawili ya mtu mmoja, asubuhi moja, na mwenye kuyapatanisha hayupo.

Akavuta kigoda, akakaa mbali na kiti, akakitazama.

Jina la Mama Tayari lilitoka mtaani, lakini tabia ilitoka kwa bibi yake. Bibi yule hakuwa akiona, na nyumba ilijaa wajukuu. Kwa hiyo palikuwa na sheria moja: asiguse mtu kitu kabla ya kusema. "Nahamisha kigoda, nakipeleka mlangoni." Bibi anajibu, "Nimesikia." Mtoto anahamisha, kisha anasema, "Tayari." Nyumba nzima ilikaa kichwani mwa bibi namna hiyo, kila sufuria mahali pake, naye alitembea humo bila kujikwaa, vizuri kuliko wenye macho.

Siku akisikia "Nahamisha kigoda" asisikie "Tayari," bibi alisimama hapo hapo, akainua mkono. Hakuna kutikisika.

"Kigoda kiko wapi?"

"Mikononi mwangu, Bibi."

"Mikononi si mahali. Malizia au rudisha."

Mama Tayari aliingia kwenye ndoa na tabia hiyo kama wengine wanavyoingia na sanduku la nguo. Siku za mwanzo za ndoa Mzee Sponji alilala akisikia, "Nafunga dirisha. Tayari. Nakunja shuka. Tayari." Mama yake alipokuja kuwatembelea akamvuta pembeni.

"Mwanangu, huyu mkeo anaongea na nani?"

"Na mimi, Mama."

"Mbona humjibu?"

Tangu hapo akawa anajibu. "Nimesikia." Likawa neno lake la mapenzi. Wanaume wengine wana mashairi.

Mama Tayari alikuwa mpiga chapa wa ofisi. Ofisi ilipoacha mashine za chapa, kila mpiga chapa aliambiwa achague zawadi ya kuagwa. Wenzake walichukua saa za ukutani. Yeye alichukua kompyuta mbovu iliyokuwa ikizuia mlango wa stoo usijifunge. Aliileta nyumbani kwa toroli, akaifungua kwa bisibisi ya mumewe, na ilipokuja kuwaka baada ya majuma mengi ya kuunguza vidole, alipiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Wakapanga chumba kimoja cha kazi, ile karakana, wakakigawa kwa pazia. Huku sponji na springi, huku nyaya na diski. Manyoya ya sponji yaliingia kwenye mashine za mke, skrubu za mke ziliingia kwenye makochi ya mume. Mteja mmoja aliwahi kurudi akilalamika kwamba kochi lake linamchoma. Walimtolea skrubu, wakampa chai.

Siku moja Mama Tayari alilifungua pazia kwa nguvu.

"Mzee! Njoo uone. Hii mashine imelelewa na bibi yangu!"

Mzee Sponji hakusoma shule. Alikuja na sindano mdomoni, akakaa.

"Mashine haikurupuki," mkewe alisema. "Kabla haijapanga upya kitu kwenye diski, inaandika nia yake kwenye daftari lake humo humo ndani. Nataka kuweka hiki pale, na kile nikitoe. Nia ikishaandikwa yote, inapigwa muhuri. Ndipo inafanya. Sasa umeme ukikatika katikati, mashine ikiamka inasoma daftari. Nia yenye muhuri, inaitekeleza mpaka mwisho. Nia iliyoandikwa nusu, inaiacha, inasonga mbele."

"Bila kulia?"

"Bila kulia."

Mzee Sponji akaitoa sindano mdomoni. "Na daftari likisema kigoda kiko mlangoni, na kigoda chenyewe kiko jikoni?"

Mama Tayari alimtazama mumewe kwa furaha, kama siku ile ya kwanza alipomwona.

"Hapo sasa! Hapo mashine nzuri inasimama, inainua mkono. Angalieni mnavyotaka, lakini hakuna kuhamisha kitu mpaka ukweli ujulikane. Inakuwa ya kusoma tu."

"Bibi yako mtupu," alisema Mzee Sponji, akarudi kwenye kochi lake.

Hilo la kusoma tu ndilo lililomleta Bwana Cheka mbio, mashine kifuani, ameivingirisha shuka.

Bwana Cheka alikuwa mpiga picha za harusi. Aliitwa hivyo kwa sababu neno lake lilikuwa moja, "Cheka!", hata kwa wazee wasio na meno. Siku hiyo yeye mwenyewe hakucheka. Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mama, imegoma. Inasema kumbukumbu zake zinapingana. Inasema soma tu, haiandiki tena. Na humu mna harusi ya watu! Kwenye kamera nilishafuta."

"Haijagoma, mwanangu. Imekuonea huruma. Umeifanya nini?"

"Nimeizima nikaiwasha."

"Mara ngapi?"

Bwana Cheka akatazama dari. "Kuna mtu kwenye simu alifundisha kwamba ukilifuta lile daftari la ndani, inafunguka yenyewe. Kidole kilishakuwa juu ya kitufe, mkono ukajirudisha wenyewe."

"Umelifuta?"

"Sijalifuta."

"Ubusu huo mkono. Ungelifuta, ungekuwa kama mtu aliyemziba bibi mdomo ili aendelee kutembea."

"Bibi gani tena?"

"Mwache tu," alisema Mzee Sponji nyuma ya pazia. "Utamjua."

Bwana Cheka akakaa, akashika kichwa. "Mpiga picha aliyepoteza harusi ni kama mkunga aliyesahau mtoto njiani. Nani ataniita tena? Hata paka hatakubali nimpige picha."

Mama Tayari alikuwa keshafungua mashine, kaichomoa diski, kaiunga kwenye mashine yake mwenyewe, mlango wa kuandika umefungwa kwa kufuli. Alimweleza kwa lugha ya mtaani. Diski ni viwanja, na ina ramani ya nani anamiliki kipi. Daftari linasema kiwanja fulani wapewe watu wa harusi. Ramani inasema kiwanja hicho kina mwenyewe, sherehe nyingine ya zamani. Kiwanja kimoja, wenyewe wawili. Mashine ingejifanya haijaona, ingejenga nyumba juu ya nyumba ya mtu. Imekataa.

"Basi tukate shauri, tumpe mmoja," alisema Bwana Cheka.

"Kwanza nakala. Ushujaa baadaye. Nanakili diski yote, kiwanja kwa kiwanja, hadi vile vyenye kesi. Umesikia?"

Bwana Cheka aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Jibu, kijana. Hapa watu hujibu."

"Nimesikia."

Kunakili kukaanza. Na wakati inaendelea, akaingia Bibi Chuma.

Huyu alikuwa nyanya yake bibi harusi. Hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Lakini habari zilikuwa zimetapakaa kwamba kwenye harusi ile Bibi Chuma alicheza. Nusu ya ukoo ilikuwa kwenye chakula haikuona, nusu iliapa. Yeye alikana. Ushahidi wote ulikuwa kwenye diski ile.

Alisimama mlangoni na mwavuli wake. "Nasikia mashine imekufa."

"Haijafa, Bibi. Imenyamaza," alisema Mama Tayari.

"Aliyenyamaza mwacheni apumzike."

"Shikamoo, Bibi," alisema Bwana Cheka. "Wanasema ulicheza."

"Marahaba. Nani? Mimi? Nilikuwa natafuta kiatu."

"Katikati ya ukumbi?"

"Kiatu huchagua pa kupotelea?"

Akakaa kwenye kochi alilokuwa akilishona Mzee Sponji, bila kuuliza, mwavuli magotini kama bunduki. Akaagiza chai.

Ndipo umeme ukakatika.

Taa ikazimika, feni ikasimama, na kile kimlio cha diski kikafifia kama mbu anayekwenda zake. Bwana Cheka akateleza mpaka sakafuni. Bibi Chuma akainua macho juu. "Mungu hamtupi mja wake," akasema.

Mama Tayari alicheka. Alicheka mpaka akashika meza. Yule mpiga picha akamtazama kama mtu anayecheka msibani.

"Mwanangu, ya kwako haijaguswa. Nilikuwa naisoma tu. Na hii programu ya kunakili ina akili, kila inapofika inaweka alama."

Umeme ulirudi jioni bado ina jua. Nje wanaume walikuwa wamesimama chini ya nguzo, wakibishana nani kasababisha, mwenye mashine ya kuchomelea au mwenye jokofu jipya. Mzee Sponji naye alitoka na nadharia yake. Aliporudi ndani mkewe alikuwa keshaanza, kutoka palepale kwenye alama.

Wakati nakala ikiendelea, alitafuta ugonjwa. Ukitibu kidonda na msumari ungali ndani ya kiatu, unacheza. Aliupata kwenye mashine ya Bwana Cheka, kwenye kijiti cha memori, kile kinachoshika mambo kwa muda kabla hayajaandikwa. Kilikuwa kinasahau. Ukikipa hiki, kinakurudishia kile kwa uso mkavu. Mama Tayari akakichomoa, akamkabidhi Bwana Cheka.

"Huyu ndiye shahidi wako wa uongo."

Kesho yake asubuhi diski ya asili ikafichwa ndani ya droo ya Mzee Sponji, chini ya sponji. Mama Tayari akafanya kazi kwenye nakala. Kwanza alitazama tu, mikono nyuma, programu ya ukaguzi ikitaja makosa bila kugusa. Akayasoma yote. Kisha ndipo akaruhusu marekebisho. Nia zenye muhuri, zikatekelezwa. Iliyoandikwa nusu, ikaachwa. Kiwanja chenye wenyewe wawili, kila mmoja akapewa chake na nakala ya kilichokuwamo. Na mafaili yaliyokutwa hai lakini hayana jina wala kwao, yakakusanywa kwenye folda moja, kapu la vilivyookotwa.

"Tayari," alisema.

Wakafungua harusi, Bibi Chuma naye amerudi na mwavuli wake. Bwana Cheka alitazama kati ya vidole. Bibi harusi huyo, anang'aa. Bwana harusi akageuka kijani kidogo wakati wa hotuba ya mjomba, hapo ndipo palipokuwa na ile kesi ya kiwanja, lakini baadaye wengi walisema hata siku yenyewe alikuwa hivyo. Keki ikakatwa. Muziki ukaanza. Na hapo, picha ikaisha.

Bibi Chuma akasimama. "Mmeona? Hamna kitu. Kiatu."

"Bado kapu, Bibi," alisema Mama Tayari.

Ndani ya kapu mlikuwa na faili moja kubwa, lina namba tu. Akalifungua.

Katikati ya ukumbi, duara la watu limefunguka, Bibi Chuma anacheza. Anacheza na kiuno, na mabega, na mwavuli. Na viatu havijapotea. Viko mkononi mwake, vyote viwili, anavipungia watu.

Mzee Sponji alilivuta pazia mdomoni. Bibi Chuma alitazama mpaka mwisho, uso wa jiwe.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema.

Mama Tayari akarudisha.

"Pale, pale. Simamisha." Bibi akasogea karibu na kioo. "Kumbe kiuno bado ninacho."

Na meno yakaonekana. Chumba kikalipuka. Bwana Cheka alilia na kucheka kwa pamoja, akamkumbatia Mama Tayari, akamkumbatia Bibi Chuma, akapigwa mwavuli, akakumbatia kochi. Watu wa nje walidhani kuna goli.

Harusi ilikabidhiwa. Bwana Cheka akaendelea kuwaambia watu wacheke. Na Bibi Chuma akawa rafiki wa nyumba ile, akija kila alipojisikia kukitazama kile kipande, akisema amekuja kumsalimia Mzee.

Ndiye aliyekuja pia wakati wa kiti.

Binti wa Mzee Sponji alikuwa amekaa naye tangu mazishi ya mama yake. Alimpikia, akamfulia, akakizunguka kile kiti kwa fagio. Siku hiyo alishindwa kujizuia.

"Baba, nikitoe nje? Kinakuumiza macho."

"Usiguse."

"Basi kimalizie."

"Alisema nisiguse."

Baba yake alikula kidogo, akajibu kidogo. Karakana ilifungwa. Alitazama tu, hakuhamisha kitu.

Bibi Chuma akaingia, akatafuta pa kukaa, akakiona kiti. "Hiki kimevuliwa na nani?"

"Mama yake huyu," alisema Mzee Sponji. "Aliishia hapo."

"Alisema atakifanya nini?"

Mzee Sponji akaanza kusema, polepole, kama anayepapasa njia. Mgongo, kisha mikono, kisha kikalio. Kitambaa cha kijani juu ya kabati. Uzi ule mnene. Misumari kwenye kopo. Kisha mkewe akauliza, umesikia?

"Ukajibuje?"

"Nikasema, nimesikia."

Muhuri ulikuwapo. Aliupiga mwenyewe, na chai mkononi. Na lile la usiguse lilikuwa na mkia: nikirudi naendelea. Lilikuwa zuio la mtu anayekwenda dukani na kurudi. Halikupingana na kitu. Lilikuwa limemaliza kazi yake.

"Mwanangu," alimwambia binti yake. "Hebu angalia juu ya kabati."

Kitambaa kilikuwa juu ya kabati. Uzi ulikuwa ule mnene. Misumari ilikuwa kwenye kopo, imepinda yote, kila mmoja umetukanwa. Mzee Sponji alivuta kigoda chake mpaka kwenye kiti, akalichukua koleo pale lilipokuwa, akatafuta mguu wa nyuma wa kushoto.

"Nang'oa kikalio," alisema.

Binti akasogea karibu, akajibu, "Nimesikia."

"Tayari. Natandaza sponji."

"Nimesikia," alisema Bibi Chuma, maana hakupenda kuachwa nyuma.

Wakaenda hivyo hadi jua likaegemea dirisha. Kitambaa kilivutwa, kikapigwa misumari, mgongo ukashonwa, mikono ikafuata. Mahali fulani katikati binti alicheka, kwa sababu baba yake naye alianza kuutukana kila msumari. Bibi Chuma alitaka kukikalia wa kwanza akakatazwa. Akanuna, akaomba chai.

Mzee Sponji akakaa. Springi hazikumchoma. Alipitisha kiganja juu ya mkono wa kiti, kitambaa kipya, kigumu bado.

"Tayari," alisema.

Kesho yake alifungua karakana. Akalisukuma pazia pembeni, akaachia pande zote mbili zipate mwanga. Alipokuwa akiitafuta sindano yake nene alikumbuka ile jioni ya diski ya harusi, alivyorudi kutoka kwenye nguzo amejaa habari za nani kakata umeme, na mkewe asigeuze hata shingo.

"Mzee," alisema Mama Tayari jioni ile, "umeme ukirudi usikae hapo kuuliza nani aliukata. Soma ulipoishia, shika sindano."